Miwani Irudi Usoni kwa Mjukuu

Ninyi mnaoguna hapo nyuma, acheni, najua mnasema bibi wa darasa la saba atatusomea nini cha macho, nami nawaambia kila neno hapa ni kweli, asiyeamini ameze mate anyamaze.

Marehemu mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa tatu wa fundi seremala, mimi wa kwanza ndiye niliyembeba mgongoni, akaanza shule mwaka 1963, akachapwa kwa kunakili ovyo ya ubaoni, akaitwa kichwa maji, hadi alipovishwa miwani akiwa na miaka kumi na minne, jicho la kulia likaona, la kushoto likagoma, lilikwisha kuzoea uvivu, daktari akasema, mmechelewa. Neno hilo ndilo lililomsomesha.

Alihitimu upimaji wa macho mwaka 1979, akaajiriwa hospitali ya wilaya, chumba kile chembamba mwishoni mwa korido, chenye pazia jeusi, sanduku la lenzi, na mwanasesere wa mkono mmoja wa kuwafanya watoto watazame mbali. Hakumwandikia mtoto mdogo miwani kabla ya kumtia matone na kungoja mboni ipanuke, maana alisema jicho la mtoto hujikaza kuficha kasoro yake, ukilipima kavukavu linakudanganya mchana kweupe, kisha akamulika na kusoma mwanga unavyorudi, mtoto asiyejua a wala be akapimwa huku anatafuna biskuti. Kina mama walilalamika kuwa miwani itamlemaza mtoto, akawauliza, "Mama, viatu vimekulemaza miguu?" na waliotaka miwani ya urembo aliwarudisha mikono mitupu, macho mazima haya, nendeni mkanunue hereni.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1981 na dereva wa lori, mtu mpole aliyetutangulia mwaka 2004, wakajaliwa binti mmoja, na mjukuu ambaye wenye midomo walimwita Kinyonga kwa makengeza yake, bibi yake akampima, akamvisha miwani ya kufungwa kwa mpira kisogoni akiwa na miaka miwili, macho yakanyooka, sasa ana minne.

Figo zilimuanza Juni mwaka jana, akafariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, na neno lake la mwisho halikuwa shamba wala nyumba, aliuliza, "Mtoto kavaa?" Alikuwa kavaa. Tangu jana hajavaa, baba yake mdogo kamvua, eti wageni watasema ukoo una kilema, na leo asubuhi mtoto kaliamkia koti langu lililotundikwa ukutani, "Shikamoo, bibi," mkacheka. Mimi sikucheka, koti halikuitikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani kwa maji na viti, wenzake wa chumba cha macho, nanyi nyote, hata mlioguna.

Baba mdogo, miwani imo mfuko wa ndani wa koti lako, mpira unaning'inia, ilete hapa mbele za watu. Namvisha mtoto, naingia naye chumba alimolala bibi yake, amwone uso hadi mikunjo kabla jeneza halijafunikwa, na mlango naufunga, asitufuate mtu.

Mdogo wangu, pumzika wewe, hawa sitawapumzisha.