Vyura wa Upande wa Magharibi: Maisha ya Marlys Kivela

Ndugu, majirani na wote mliofanya kazi naye, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya Marlys Elaine Kivela kama alivyoyaishi, bila kuyapaka rangi, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kupakwa rangi.

Marlys alizaliwa tarehe 3 Novemba 1951, Embarrass, Minnesota, mtoto wa nne wa Toivo na Irja Haapala, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, katika nyumba ambayo sauna yake, chumba cha kuogea mvuke, ilijengwa kabla ya jiko, akasoma hapo hapo hadi alipomaliza sekondari mwezi Mei 1969, akiwa na alama nzuri za hesabu na mbaya za muziki, jambo lililowachekesha wengi baadaye, maana ni masikio yake yaliyomlisha.

Julai mwaka huo aliajiriwa katika mji wa Virginia, huko huko Minnesota, kuunganisha simu za watu, na Jumamosi ya tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa kanisani na Wendell Kivela, mchimbaji wa chuma, wakajaliwa watoto wawili, Renae mwaka 1973 na Dale mwaka 1976. Mwaka 1984 alihamia kituo cha simu za dharura cha kaunti, akakaa hapo miaka thelathini na miwili, akiwapokea watu katika saa mbaya kuliko zote za maisha yao, kisha akirudi nyumbani kupika viazi.

Kazi ile ilianza kumla. Hakuwa akilala vizuri, alikuwa mkali kwa watoto, na ndipo mwaka 1986, kwenye mnada wa kanisa, aliponunua kinasa sauti kilichotumika na kujiandikisha na wale wanaojitolea kuhesabu vyura kila masika, barafu inapoyeyuka, watu wanaosimama kando ya maji jioni, dakika tano mahali pamoja, wakiandika ni vyura gani wanaolia na wangapi. Wendell alimwambia, "Mke wangu, wenzako wanafuma soksi, wewe unakwenda kuwapigia vyura saluti," naye akajibu kwamba chura angalau hamuulizi chakula kiko wapi. Tuseme ukweli, jioni nyingi za Aprili familia hii ilikula chakula kilichopoa. Lakini huko kwenye kinamasi alijifunza kunyamaza, kutenganisha sauti moja na nyingine, kusikiliza kilicho nyuma ya kinachosikika, akarudi kazini na moyo uliotulia, na wenzake wanakumbuka mwaka 1991, mama mmoja aliyepotea njia kwenye theluji alipokuwa akilia tu kwenye simu, Marlys akasikia kwa mbali king'ora cha kiwanda cha mbao, akajua ni barabara ipi.

Alhamisi ya tarehe 24 Aprili 2003, saa kumi na mbili na nusu jioni, alipokea simu ya Gordon Sletten, mwenye umri wa miaka sitini na moja, aliyekuwa peke yake ndani ya gari, kifua kikimbana, mwisho wa njia ya wakata miti, karibu na maji, asiyeweza kusema ni maji gani. Skrini ya kituo ilionyesha kwamba simu imepitia mnara wa mashariki, kwenye Ziwa Kettunen. Marlys alisikia vyura nyuma ya sauti ya Gordon, wengi mno, na Jumapili iliyotangulia alikuwa amesimama Kettunen na kinasa sauti chake, akalikuta bado ni barafu tupu, na chura halii juu ya barafu, kwa hiyo mtu huyu alikuwa magharibi, kwenye kinamasi cha Aho, kule kwenye maji ya kina kifupi yanayowahi kuyeyuka. Alimwambia msimamizi wa zamu, Lyle Brandvold, ambaye yuko hapa leo na ametuomba tusimfiche, naye akasema, "Marlys, dada yangu, mimi situmi gari la wagonjwa kwa ushauri wa vyura. Fuata skrini." Gari lilikuwa moja tu. Marlys akafuata skrini, akalituma Kettunen, ambako njia huingilia upande wa mashariki, wakati ya Aho huingilia magharibi.

Gordon akamuuliza, "Wanatokea upande gani, nikae nikiangalia?" Akamjibu, "Mashariki. Wanakuja, Gordon, usikate simu." Hakukata. Baada ya dakika arobaini na moja Marlys alikuwa akisikia vyura peke yao.

Gordon alikutwa Aho, amekwisha kufa. Hakuna aliyemlaumu Marlys, na hilo halikumsaidia. Masika matatu hakukigusa kinasa sauti, alifunga madirisha kila Aprili hata nyumba inuke moshi wa jikoni, alikuwa akiosha vyombo mara anageuka na kusema "Nakusikia," wakati hakuna aliyemwita, na kazini akawa mtu wa kusoma skrini tu, asiye na kosa wala msaada. Mwaka 2006 Wendell alimwekea kile kinasa sauti mapajani, akasema, "Toka nje, mama. Humu ndani umekuja na marehemu wa watu, na mimi sina kitanda cha wageni." Akatoka, akaenda Aho, akasimama dakika tano.

Septemba 2007 msichana aliyeanguka kutoka juu ya farasi alipiga simu asijue alipo, skrini ikasema kusini, na Lyle akamwendea Marlys mwenyewe, akamuuliza, "Sema wewe. Unasikia nini?" Alisikia korongo wakikusanyika kwenye mashamba ya mpunga pori, kaskazini. Gari likaenda kaskazini, na msichana yule leo ana watoto. Tangu hapo kila anayeomba kazi kituoni huulizwa kwanza anafanya nini akiwa hayupo kazini, na asiye na jibu huambiwa akalitafute.

Alistaafu mwaka 2016, akamzika Wendell mwaka 2019, akagundulika kuwa na saratani ya kongosho Oktoba 2023, na akafariki nyumbani Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2024, saa moja jioni. Madirisha alikuwa bado anayafunga. Jioni hiyo alimwambia Renae, "Fungua." Renae akasema, "Mama, kuna baridi." Akasema, "Fungua, mtu anasubiri." Vyura walikuwa wakilia. Alisikiliza kitambo, kisha akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kazini, "Wanatokea magharibi, Gordon. Angalia magharibi."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokuja hadi nyumbani, majirani walioondoa theluji mlangoni bila kuombwa, wenzake wa kituoni, Lyle aliyekaa naye kila Jumanne, na Bi. Ardis Sletten, mjane wa Gordon, aliyeleta chakula na kuketi nasi.

Mama, pumzika kwa amani. Dirisha tumeliacha wazi.