Mzee Selestini na Pete ya Korongo wa Ipililo

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 2024, Mzee Selestini Mayige anatimiza miaka sitini na kustaafu rasmi utumishi wake katika Umoja wa Wakulima Bonde la Simiyu, makao makuu Bariadi. Aliajiriwa kuwa dereva Jumatatu ya tarehe 2 Machi 1992. Hiyo ni miaka thelathini na miwili na miezi karibu tisa, magari manne, mameneja saba, na ajali moja tu, ambayo mkosaji alikuwa dume la ng'ombe la Nkololo lililoamua kuvuka barabara bila kuangalia huku wala huku.

Kamati ya sherehe imenipa ukurasa huu niandike wasifu wake, ikanisihi uwe wa kuchangamsha. Mimi ni Violeth, afisa kilimo wenu, niliyekaa kiti cha mbele cha gari lake kwa miaka kumi na minne, kwa hiyo ya kuchangamsha ninayo tele. Lakini lipo jambo moja halichekeshi hata kidogo, na kamati ikithubutu kulikata nitalisoma mwenyewe ukumbini kwenye kipaza sauti. Mnanijua kwa hasira. Safari hii hasira zangu ni juu yangu mwenyewe.

Tuanze na yale mnayoyajua. Mzee Selestini ni mtu wa ndege. Wenzake wa rika lake wanamjua ng'ombe kwa rangi, kwa pembe na kwa mama yake, na yeye anamjua vilevile, ila akimwona ndege anamwita mtu. Tuko barabara ya Lamadi, mkutano unatusubiri, tumeshachelewa nusu saa, mara unasikia breki na sauti ya upole: "Tulieni kidogo, kuna mtu pale." Mtu mwenyewe yuko juu ya nguzo ya umeme anachana samaki. Meneja wa wakati ule alifura, akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo gari likisimama, sababu iandikwe kwenye kitabu cha safari. Loo, alikipata alichokitaka! Mzee alitii kupita kiasi. Kitabu cha mwaka 2011 kipo hapa mezani kwangu: "Lamadi, dakika 12, furukombe." "Kasoli, dakika 5, mumbi wawili na mtoto wao, wamevuka barabara kwa adabu kuliko bodaboda." "Maswa, dakika 40, pancha. Ndege hakuna." Mkaguzi wa magari aliyekuja mwaka ule alikisoma kitabu chote akiwa amesimama, kisha akaomba kukiazima.

Halafu kulikuwa na ule ukurasa wake wa Jumatatu. Karatasi moja, mwandiko wa kulala kidogo, juu imeandikwa "Kutoka Dirisha la Dereva", imebanwa kwa pini nne kwenye ubao wa matangazo, katikati ya orodha ya likizo na taarifa za misiba. Wafanyakazi ambao hawajawahi kuwahi kazini maisha yao yote walikuwa wanawahi Jumatatu. Mzee alikuwa na maneno, nyie! Wanamuziki wa Dar walipokuwa wanagombana redioni kuhusu nani kamwibia nani mdundo, aliwashauri waje kumsikiliza kurumbiza, ambaye anaiga sauti za ndege saba kila asubuhi na bado majirani wanampenda. Vijana wa ofisi walipoanza kulalamika kwamba wachumba siku hizi wanachagua sana, aliwaandikia habari za mnana: dume anasuka kiota, jike anakuja kukikagua, asipokiridhia dume anakibomoa na kuanza upya bila kuposti popote. Wakati wa kampeni alituambia tuwaangalie yangeyange wanavyoandamana na ng'ombe. Hawampendi ng'ombe, aliandika, wanampenda panzi anayerushwa na kwato, kwa hiyo ukiona mtu kaanza ghafla kukutembelea, tazama kwanza miguuni mwako nini kinaruka. Derby ya Kariakoo ilipoisha vibaya kwa timu yake, ukurasa wa wiki ile ulikuwa na mstari mmoja tu: "Wiki hii hata ndege nimewachukia."

Na nani amesahau bundi wa ghala la mbegu? Ilikuwa mwaka 2014. Kristofa, mtunza ghala wetu, aliingia asubuhi akakutana na macho mawili juu ya kenchi, akatoka mbio, akafunga mlango na kutangaza kwamba haingii tena mpaka aletwe mtaalamu kutoka kijijini kwao. Wengine tuliosoma tulijifanya tunamcheka, lakini sikumwona hata mmoja aliyejitolea kuingia. Mzee Selestini akaingia na gazeti la zamani, akakaa humo karibu saa nzima. Alitoka na vibonge vya manyoya na mifupa ambavyo bundi huvitema, akavichambua mbele yetu kwa kijiti na kupanga mafuvu ya panya mmojammoja. Yalikuwa arobaini na moja. Jumatatu iliyofuata ubao ukasema: "Kristofa anamkimbia askari na kuwaachia wezi ghala." Kristofa hakumsemesha kwa wiki mbili. Leo kuna sanduku la mbao kwenye kenchi ile, na Kristofa anaapa kwamba hajui nani kalipigilia, lakini tunamsikia kila asubuhi akimwamkia bundi kwa Kisukuma, "Mwangaluka", kabla ya kufungua kufuli.

Basi, hapo ndipo kamati ingependa niishie. Siishii.

Februari 2019 viwavijeshi waliingia mashamba ya Ipililo. Jumatatu tulikwenda kuangalia, tukawakuta wameyajaa mahindi na mtama mpaka unasikia wanatafuna. Na juu yao walikuwepo korongo weupe, wale wanaokuja kila mwaka kutoka Ulaya, mamia, wanatembea shambani polepole na kudonoa bila kupumzika. Mzee alizima gari. Akaniambia tuwaachie korongo siku mbili, wale washibe na waondoke, kisha tupulizie watakaobaki, kwa sababu kiwavi aliyepuliziwa hulegea na korongo humwokota kwanza yeye kabla ya mzima. Alieleza taratibu, kama anayemweleza bosi wake, ambaye alikuwa ni mimi.

Mimi nilikuwa na wageni kutoka Dodoma Jumatano. Walikuwa wanakuja kutazama upuliziaji. Bango lilikuwa limeshachapwa, fulana zimeshagawiwa, vijana wa pampu wameshapangwa kwa vikundi. Nilimjibu hivi, na nayaandika maneno yale kama nilivyoyasema: "Mzee, wewe endesha gari."

Akaendesha gari mpaka Bariadi.

Jumatano tukapulizia, wageni wakapiga picha na kupiga makofi. Ijumaa asubuhi akapiga simu Mayu Nyanjige, mama mwenye shamba la mwisho kuelekea mtoni. Alitaka kujua awazike au awachome, maana mbwa wake walikuwa wameanza kuwala na mbwa wenyewe wanatapika. Tulipofika korongo walikuwa wametapakaa shambani, wengine wamekaa kabisa kama kuku wa kutamia, ila wamekufa. Nilibaki kwenye gari. Nasema kweli, nilipandisha kioo. Mzee aliingia shambani peke yake, akahesabu, akarudi akahesabu tena, kisha yeye na Mayu Nyanjige wakachimba shimo. Kitabu cha safari cha siku ile kinasema: "Ipililo, saa 3 dakika 10, korongo 63."

Mmoja wao alikuwa na pete mguuni. Pete ya alumini, nyepesi, ina herufi, namba na jina la mji wa mbali. Mzee alijua maana yake: kuna mtu huko alimvisha korongo akiwa bado kinda, na anasubiri kuambiwa alikofika.

Jumatatu ile ukurasa ukapanda ubaoni kama kawaida. Kichwa chake kilikuwa "Sitini na Watatu". Hakunitaja. Hakumtaja mtu yeyote. Alieleza walikuwa wangapi, walikuwa wanakula nini, na walikufa vipi, akamalizia kwa kuandika namba ya pete na kuomba anayeweza lugha ya wenyewe amsaidie kuwapelekea barua. Ulikaa ubaoni kwa nusu saa hivi. Niliubandua kwa mkono wangu, na mahali pake nikabandika barua ya pongezi kutoka kwa wageni wa Dodoma. Jioni nikatoa agizo kwamba ubao ni wa matangazo ya ofisi tu.

Kesho yake, baada ya chai, alikuja mlangoni kwangu. Nilishajiandaa kugomba. Hakuuliza habari za ukurasa. Aliuliza kama ningeweza kumwandikia ile barua, kwa sababu Kiingereza chake kinaishia kwenye alama za barabarani. Nikasema nitaandika. Namba akaniachia kwenye kikaratasi, pete akabaki nayo, akasema itakwenda siku barua itakapokwenda.

Sikuandika. Kazi hazikunizidi, msinitafutie sababu. Niliogopa swali la pili, lile la alikufaje. Kila baada ya miezi miwili mitatu, tukiwa njiani, angeuliza bila kunitazama, "Bi Violeth, ile barua?" Nami ningesema wiki ijayo. Mwaka 2021 aliacha kuuliza. Pete aliifunga kwenye ufunguo wa gari, na nimesafiri nayo miaka yote hii ikigongana na ufunguo kila tukipita kwenye mashimo. Kwa muda mrefu nilijilazimisha kuamini ni washa ya boliti.

Kwa ajili ya wasifu huu nimesoma vitabu vyake vyote vya safari. Kuanzia Februari 2019 kurudi nyuma, ndege wapo kila ukurasa. Kuanzia hapo kuja mbele kuna kilomita, mafuta na saini. Yule mtu wa kwenye nguzo hayupo tena. Afisa mwenzangu aliniuliza juzi kama korongo walishawahi kurudi Ipililo baada ya mwaka ule. Sijui kama walirudi. Aliyekuwa anatuandikia nilimnyamazisha mimi, na hakuna aliyeshika kalamu badala yake. Ningetoa chochote leo nisimamishwe dakika kumi na mbili Lamadi na nichelewe mkutano.

Jumatatu wiki hii alikabidhi gari. Fomu ya makabidhiano aliijaza mwenyewe, kwa mwandiko uleule wa kulala: jeki moja, spana ya magurudumu moja, tairi la akiba moja, pembetatu mbili, kizima moto kimoja. Mstari wa mwisho uliandikwa: "Pete ya korongo, moja. Mali ya ofisi." Nilimwambia mzee, hii ni yako, nenda nayo. Akanitazama kwa upole uleule anaowatazamia ndege, akasema, "Hapana, Bi Violeth. Ni yenu. Mimi nilikuwa nawatunzia tu." Kisha akatoka nje kuliosha gari kwa mara ya mwisho, na aliliosha hadi chini ya mazulia.

Nilisaini kwamba nimepokea. Nikafunga mlango nikalia, halafu nikaandika barua. Miaka mitano na miezi tisa ya wiki ijayo, na ilinichukua dakika ishirini.

Jibu limekuja jana kwa baruapepe kutoka mji ule wa kwenye pete. Korongo wetu alivishwa pete mwaka 2006, akiwa kinda kwenye paa la zizi la ng'ombe, na mara ya mwisho alionekana kwenye paa lilelile Agosti 2018. Hakuna aliyetukemea. Walituma fomu tu ya kujaza, wakaomba samahani kwa usumbufu. Nimeijaza. Kwenye nafasi ya aliyemwokota nimeandika Selestini Mayige, dereva, Bariadi. Kwenye nafasi ya sababu ya kifo nimeandika kwamba alikula viwavi waliopuliziwa dawa, kwamba dereva alituonya, na kwamba aliyeamuru ni mimi, na jina langu lote nimeliandika.

Karatasi ya "Sitini na Watatu" sikuitupa. Ilikuwa chini ya droo yangu, imekunjwa mara nne. Leo asubuhi nimeirudisha ubaoni kwa pini nne, na hapo itakaa.

Mzee Selestini, kwa niaba ya Umoja mzima tunakushukuru kwa kutufikisha salama kila mahali, hata pale ambapo hatukustahili. Tunamshukuru mkeo, Mama Maximiliana, kwa kukuazima kwetu muda wote huo. Tunakuombea afya, mvua za kutosha huko kwenu Nkololo, na ng'ombe wengi wa kufuatwa na yangeyange. Mimi binafsi nakuomba radhi, mbele ya watu wote, kama nilivyokukosea mbele ya watu wote. Na ukiwaona korongo mwaka huu, hata mmoja, tafadhali tuandikie ni wangapi. Kitabu cha safari nimekianza upya, na mstari wa kwanza nimeuacha wazi kwa ajili yako.

Wabeja, asante sana, baba.