Mama Jalada Anawaaga Wasomaji wa Kila Rika

Ijumaa hii, tarehe 28, mhariri wetu wa majalada anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Sote tunamwita Mama Jalada; ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho, hageuki.

Alianza kwa kuandika anwani kwenye bahasha, na humo ndimo alimowajua wasomaji. Baadaye akakabidhiwa majarida yetu mawili: la vijana, lenye rangi za kuumiza macho na wasanii waliovaa miwani myeusi, na la wanakwaya wa makamo, lenye herufi kubwa na picha za watu waliofunga vifungo vyote.

Kisha kiwanda cha uchapaji kikachanganya kurasa za ndani. Vijana walifungua jalada lao la moto wakakuta somo la kutunza koo: maji ya uvuguvugu na kulala mapema. Mwalimu mmoja wa kwaya naye alisimama mbele ya waimbaji wake, akasoma kwa sauti nzito, "Mpenzi wako wa zamani akija kwenye shoo, ufanyeje?" Alifika aya ya tatu ndipo akashtuka.

Simu zikawaka. Mkurugenzi akatangaza kwamba jarida la kwaya linafungwa. Mama Jalada akaomba siku tatu, akabeba nakala sahihi kwenye mfuko na kwenda mazoezini kuomba radhi. Mwalimu alimpokea kwa uso wa mbuzi. Lakini akina mama wa sauti ya pili walikumbatia nakala zenye makosa.

"Haya ya kwetu tuachie," walimwambia, "ila haya ya vijana haturudishi. Hatujajua huyo mpenzi alifanywaje."

Aliporudi ofisini alikuta barua za vijana. Walitaka sehemu ya pili ya somo la koo. Sauti zilikuwa zimewakauka kwa kupiga kelele. Akazimwaga barua zote mezani kwa mkurugenzi, akamwambia kwamba tumekuwa tukiwapangia watu masikio kwa kutazama umri wao. Jarida la kwaya likapona, na tangu hapo kila jarida lina ukurasa wa kuazima kutoka kwa mwenzake. Ndio unaosomwa kwanza.

Sasa anakwenda kujifunza gitaa, chombo ambacho hajawahi kukigusa. Majirani zake tunawapa pole mapema.

Asante, Mama, kwa kutufundisha kumsikiliza msomaji kabla ya kumpigia picha ya jalada. Nenda salama, ustarehe, na nyuzi zikuhurumie vidole.