Vidonge Nilivyosema Vimeisha

Akina mama, wazee, na wageni wetu mliotoka Mikinduri kuja kusali nasi hapa Embu, nawasalimu. Nitasema Kiswahili ili tusikilizane sote. Mkiona naangalia chini msinicheke. Mimi ni mwoga tangu zamani, na leo nina sababu.

Wengi mnanijua kwa chafya. Kila mwaka mawele yakichanua, macho yangu huvimba na kuwa mekundu, pua hutiririka, nami hupiga chafya hadi mbavu zikauma. Nyumbani walisema ni baridi. Dresa, yule mtoa dawa wa zahanati, ndiye aliyeniambia ni ule unga wa maua. Akanipa vidonge kwenye karatasi, akasema, "Mama, meza kimoja kila asubuhi mpaka mawele yakauke. Hata ukijisikia mzima, wewe meza tu."

Nilimeza siku nne. Ndugu zangu, nawaambia, nilipona kabisa. Lakini vile vidonge vilileta usingizi. Na wakati ule mnaukumbuka: hali ya hatari, tumefungiwa kijijini ndani ya ua wa miti iliyochongwa, na kila asubuhi wanawake tunapelekwa kuchimba handaki kando ya msitu. Siku ya tano nilisinzia nimesimama, jembe mkononi. Mama aliyekuwa karibu alinifinya nikaamka. Juma lililotangulia mwingine alisinzia hivyo hivyo, na homugadi, askari wa serikali aliyetusimamia, akampiga mgongoni kwa kitako cha bunduki. Niliogopa mno. Kuanzia hapo, siku ya kuchimba sikumeza. Nilimeza Jumapili tu, au macho yakinizidi, na nikajiona mjanja.

Nilikuwa nikikaa nyumba moja na mama mkwe na wifi yangu, dada ya mume wangu. Waume zetu sote wawili walikuwa kizuizini. Wifi alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Aliponisikia akaniuliza, "Wifi, mbona umeanza tena hizi chafya? Dawa iko wapi?" Nikamjibu, "Imeisha." Nilimdanganya kwa sababu niliona aibu kusema naogopa dawa.

Alasiri tuliruhusiwa kutoka kwa muda mfupi kutafuta chakula kwenye mashamba yetu ya zamani. Siku moja viazi vilikuwa vichache, mimi na wifi na mtoto wake tukaenda mbali, na kengele ya kurudi ikalia tukiwa bado tunachimba. Aliyekutwa nje baada ya kengele angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa lolote. Tukawasikia homugadi wakishuka njia. Tukajilaza ndani ya mawele, mimi nimembeba mtoto kifuani, wifi na kikapu chake. Mawele yalikuwa yamechanua juu yetu, na kila upepo ukivuma ule unga unatuangukia usoni.

Nilibana pua. Niliuma leso. Nikasema moyoni, Mungu wangu, si sasa. Nikapiga chafya.

Viatu vikasimama. "Nani uko hapo? Toka."

Wifi aliniangalia, akamwangalia mtoto, halafu akasimama peke yake.

"Ni mimi, afande. Niko na homa."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Nikasikia wakimpiga. Sitawaeleza sauti ile. Nilikuwa chini na mtoto wake, na sikusimama. Walipokwisha kumchukua nilitambaa hadi njiani, nikajichanganya na wanawake waliokuwa wakirudi kwa ruhusa na kuni za kambi ya homugadi.

Walimweka kituoni siku tisa. Mtoto alilia akitaka titi, mama mkwe akimlambisha uji mwepesi kwa kidole. Kila lango lilipofunguliwa nilidhani wanatuletea maiti. Siku ya tatu nilienda kwa dresa nikamweleza yote, nalia kama mtoto. Akasema, "Mama, ungeniambia inakulaza, ningekuambia umeze jioni. Usingizi ukukute kitandani."

Ni hilo tu. Jambo la kuuliza mara moja. Lakini sisi tulizoea kwamba mtu wa serikali akisema, unaitikia na kwenda zako. Sikujua kwamba dresa anaweza kuulizwa.

Tangu jioni ile, msimu wa maua ukifika siruki hata siku moja. Mama mkwe, ambaye nilimwambia ukweli, alikuwa akisimama mbele yangu kila jioni na kikombe cha maji mpaka nimeze, halafu nifungue mdomo aone.

Wifi alirudi. Mkono wake wa kushoto haunyooki hadi leo. Alimchukua mtoto, akakaa, akaniambia, "Usijilaumu, wifi. Dawa ilikuwa imeisha." Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka mitatu.

Namshukuru Mungu aliyetuvusha. Namshukuru yule dresa, na mama mkwe, na yule mama aliyenifinya handakini. Wewe mwenye dawa nyumbani, ikikusumbua, rudi ukamwambie aliyekupa. Usijipangie mwenyewe kama mimi, maana atakayelipa huenda si wewe.

Na kuna mtu ameketi kati yenu, sitamtaja. Sikuweza kumwambia tukiwa wawili jikoni, niliogopa uso wake. Hata sasa naogopa, ndiyo maana naangalia chini. Wifi, dawa haikuwa imeisha. Nilikuwa nayo, nikaacha kuimeza. Nakuomba msamaha mbele ya hawa wote, na ukihitaji muda, nitangoja.