Hapana Njema ya Joël Asukulu

Nilimwona Joël Asukulu mara ya kwanza Jumamosi moja ya mwaka 2003, Jules Street, hapa Malvern, Johannesburg. Alikuwa mlangoni pa duka la mjomba wake, kwenye cherehani, akiwashonea watoto wa wateja mpira wa vipande vya suruali. Mama zao walikwisha kuchukua nguo zao, lakini hakuna mtoto aliyekubali kuondoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1979 huko Baraka, Fizi, Kivu Kusini. Alisoma hapohapo hadi mwaka wa tatu wa sekondari, vita ikamtoa. Alifika Johannesburg mwaka 1998, akajifunza ushonaji kwa mjomba wake.

Mwaka 1999, akiwa na miaka ishirini, yeye na wenzake waliiba majora ya vitambaa ghalani. Mahakama ilimpa kifungo cha nje cha miaka miwili. Hakurudia tena. Nayaandika haya kwa sababu mwenyewe hakuyaficha. Alipokuja kumposa dada yangu Murielle, aliyasema mbele ya wazee kabla ya kuulizwa. Baba yetu akasema, "Mwizi anayejitaja mwenyewe! Huyu tumuoze upesi kabla hajabadilika." Watu walicheka hadi chai ikapoa. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 2005.

Mwaka 2014 Nomsa, mkuu wa chekechea ya mtaani kwetu, alimwomba Joël akafanye kazi kwake. Nomsa alizaliwa Morogoro wazazi wake wakiwa uhamishoni, kwa hiyo Kiswahili anakijua. Lakini sheria ilidai karatasi. Kwanza serikali ifute ile hukumu ya zamani, kwa kuwa miaka kumi ilikuwa imepita. Kisha jina lake litafutwe katika daftari la watu waliokatazwa kukaa na watoto. Ilichukua miezi kumi na minne. Muda huo wote Joël aliwashonea watoto aproni akazipitisha juu ya ukuta. Nomsa akimwambia aingie walau anywe maji, alijibu, "Sheria ni sheria, dada. Nitakunywa siku ya karatasi."

Hukumu ilifutwa. Barua ya pili ilipofika alinipa mimi niisome. Sisi wakimbizi barua za serikali tunazijua: tunatafuta neno moja tu. Nikaliona: "No." Nikaikunja, nikamwambia kwa Kiswahili cha kwetu:

"Bamekukatala, shemeji."

Alivaa koti. "Basi niende nimwambie Nomsa mwenyewe, asisikie kwa watu."

Nilimfuata. Nomsa aliisoma getini, akaisoma tena.

"Nani kakusomea hii?"

"Shemeji yangu huyu."

"Eish! Huyu arudi darasa la kwanza! Wanasema jina lako halimo. 'Hapana' hii ndiyo 'ndiyo' yenyewe. Ingia, bwana, ingia!"

Joël aliingia akicheka na machozi yanamtoka, watoto wakamning'inia miguuni. Tangu siku ile, nyumbani kwetu habari njema tunaiita "hapana ya Joël". Binti yake Orpha alipofaulu mtihani alinipigia simu akipiga kelele, "Mjomba, nimepata hapana!"

Alifanya kazi pale miaka kumi. Aliwafundisha watoto kufunga kamba za viatu na kuhesabu kwa vifungo vya mashati, na hakuna aliyewahi kumeza hata kimoja.

Mwezi wa nne mwaka huu wa 2025 figo zilianza kumsumbua. Alifariki hospitalini hapa Johannesburg, Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Ameacha mjane, Murielle. Watoto wawili, Orpha na Deo. Mama yake mzazi, Léocadie, aliyeko Baraka. Na watoto wa chekechea ambao karatasi hii haiwatoshi. Mungu amlaze pema, apumzike vizuri.

Ijumaa, siku moja kabla hajatuacha, alinishika mkono akaniambia: "Shemeji, yule mtoto mpya wa chekechea bado analia asubuhi. Usimwambie anyamaze, kaa naye tu. Lakini karatasi zako za kukaa na watoto uziombe Jumatatu, zinachelewa."