Upande wa Pili wa Shuka

Kijiwe cha Kombo muuza kahawa, pale Kilindoni, asubuhi hiyo kilikuwa na neno moja tu: sinema. Jana yake watu wa serikali walitundika shuka uwanjani, wanaume wakakaa mbele yake, wanawake nyuma yake, picha ikapita katikati. Shamte, waliyempa jina la Mwandishi, hakucheka na wenzake. Gazeti la Dar es Salaam lilikwisha kuikataa hadithi yake mara mbili, na chombo cha barua kingeondoka kesho yake. Alitamani ichapwe mamake angali hai, ingawa mama mwenyewe kila akisomewa husinzia.

— Sinema imekushinda kwa jambo moja, alisema Mfaume, ambaye kwa ubishi wake walimwita Wakili. Haitaji babu wa mtu. Mwizi kaingia, kaficha kuku ndani ya koti, tukamjua. Shaibu wa hadithi yako hajanyanyua mguu, ushatufikisha Shirazi kwa nasaba.

— Nasaba ni heshima.

— Heshima iweke mwisho. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Hakuna aliyejua methali hiyo imeingiaje hapo, lakini Muhidini, mwenzao wa kijiweni, aliitikia kwa kichwa. Yeye aliona dawa ni kuandika gizani, maana hata sinema haionekani mchana. Kombo akazidi: hadithi iandikwe kwenye shuka, ikatundikwe huko huko gazetini. Shamte alimeza kahawa chungu pamoja na hasira zake.

Akafika Biubwa, mwanamke muuza kashata, na sinia lake.

— Shikamooni.

— Marahaba. Sinema uliionaje?

— Sisi huku nyuma tumeona watu wazima wanakula kwa mkono wa kushoto. Hata haya hawana.

Walicheka, Mfaume akamweleza kwamba nyuma ya shuka kila kitu hugeuka. Biubwa hakutahayari. Hadithi ya Shamte mji mzima uliijua: Shaibu anakwenda Ras Kisimani kutafuta fedha ya mji uliozama, anarudi mikono mitupu.

— Basi na hiyo ina nyuma yake, alisema. Shaibu alipokwenda, nyumbani walikula nini?

Kombo aliinamisha birika, halikutoa kitu.

Shamte alikwisha kuondoka. Nyumbani aliziweka kando nasaba zote, akaandika, kisha akamsomea mamake:

“Mke wa Shaibu alipakua chakula cha mumewe, akakifunika kawa. Watoto wakakaa wanaitazama ile kawa.”

Mama aliacha kusuka ukili wa mkeka.

— Wakaifunua? aliuliza.