Uso Ulikuwa Wake: Maisha ya Dada Yetu, Fundi wa Miwani

Dada yetu, ambaye leo asubuhi tumemrudisha kwa Mola wake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza. Baba alikuwa seremala wa mabehewa, na mama alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Nyumbani tulimwita Dada Mkubwa. Mtaani alijulikana kama Bi Miwani, na najua wapo humu ndani ambao hawajawahi kumjua kwa jina jingine. Mimi ni mdogo wake ninayemfuata kwa kuzaliwa. Familia imeniomba nisome, nami nitasoma kama nilivyoandika, maana nikianza kuongeza sitafika mwisho.

Alianza shule mwaka 1973 na miaka mitatu ya kwanza ilikuwa migumu. Mwalimu wake alimwita baba akamwambia mtoto ni mkaidi, hataki kunakili ubaoni. Baba alimkanya, mama alimbembeleza, wala haikusaidia. Alipofika darasa la nne alikuja muuguzi kupima macho ya watoto, ikagundulika kwamba hata ubao wenyewe alikuwa hauoni. Alivishwa miwani mizito yenye fremu ya kahawia. Siku hiyo alirudi nyumbani mbio, na alichomsimulia mama hakikuwa habari ya ubao. Alisema, "Mama, kumbe mwalimu ana vishimo mashavuni! Mimi nilidhani amenuna miaka yote." Alimaliza sekondari mwaka 1984, kisha akasomea upimaji wa macho na utengenezaji wa lenzi, akapata cheti chake mwaka 1988.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika duka la miwani lililoko barabara kuu, mkabala na posta, na hakufanya kazi kwingine tena. Wengi wenu mmekaa kwenye kile kiti cha kuzunguka. Mnaujua ubao wa herufi, mnazijua droo za fremu, na mmeisikia mashine ya kusagia lenzi kule nyuma ikilia kama jino linalochimbwa. Mwenye duka hakuwa wa dini yetu, na funguo za duka zilikaa kwenye mkoba wa dada. Alikuwa na utani wake kazini. Mteja akimwambia "afadhali kufa macho kuliko kufa moyo," yeye alijibu, "Aliyesema hivyo hajawahi kupapasa miwani chini ya kitanda."

Shemeji yetu, fundi wa majokofu, alimpata dukani humo. Alikuja na fremu iliyovunjika mkono, akatengenezewa. Akarudi nayo imevunjika tena. Mara ya tatu dada aliigeuzageuza mkononi akasema, "Kaka, hii unaivunja mwenyewe." Shemeji hakukana. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1993, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Sasa nifike mwaka 2014. Tulishauriana kama niliseme hili au niliache. Shemeji alisema, "Lisemwe, maana wote wanalijua, na kila mtu analijua kivyake."

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mgombea mmoja alitoa filamu fupi ya kutukana dini yetu na Mtume wetu. Ilipita kwenye simu za watu, halafu kituo kimoja cha televisheni kikaionyesha yote, kikisema kinawapa wananchi habari. Pamoja na filamu yalibandikwa mabango. Kwenye bango kulikuwa na uso wa mwanamke aliyevaa mtandio, amekunja paji la uso, macho makali. Chini yake yaliandikwa maneno: "Leo mtaa wetu, kesho nchi yetu." Uso ule ulikuwa wa dada. Mtu alimpiga picha asubuhi mlangoni pa duka, dada akiwa ndiyo kwanza amefungua geti na kugeukia barabarani, jua likimpiga usoni. Hakujua kama amepigwa.

Alijua akiwa kazini. Alikuwa amemvalisha mzee mmoja miwani mipya, akamgeuza dirishani kama alivyozoea.

"Mzee wangu, tazama mbali, kule ukutani pa posta. Unasoma nini?"

Mzee akasoma polepole, neno kwa neno, hadi mwisho. Akamtazama dada, akatazama tena nje.

"Binti yangu," akasema, "yule si wewe?"

Dada aliangalia. Kisha akasema, "Unasoma vizuri. Fremu haikubani nyuma ya masikio?"

Alimaliza wateja wote wa siku ile. Jioni alikuja kwangu, akakaa jikoni na mkoba mapajani, akanisimulia kama anavyosimulia habari ya mtu wa mtaa wa pili. Nikamuuliza anajisikiaje. Akasema, "Sijui. Kama ganzi ya meno. Najua kitu kipo, lakini sikihisi."

Ijumaa ile baada ya swala ulifanyika mkutano katika ukumbi wa msikiti. Nilikuwepo, upande wa kina mama. Vijana walitaka waende kituo cha televisheni siku ileile. Wafanyabiashara walitaka mwanasheria. Wazee wachache walisema hayo ni maneno tu, maneno hayavunji mfupa, tusubiri yapite kama yaliyotangulia. Mama mmoja, nisiyemlaumu maana alikuwa na hofu kama sisi sote, alimgeukia dada akasema, "Ungekuwa unafunika uso, wangeupata wapi?" Dada akamjibu, "Ningepimaje watu macho, dada yangu, nimefunika yangu?" Watu wakacheka, hata yule mama. Ndicho kicheko pekee ninachokikumbuka mwezi ule.

Ndipo imamu akatoa wazo lake. Kutakuwa na maandamano ya amani, yenye kibali. Picha ileile ichapishwe kubwa, ibebwe mbele, na chini yake yaandikwe: "Huyu ni mama yetu." Dada atembee mstari wa kwanza. Ukumbi mzima ukaitikia kwa sauti. Lilikuwa wazo zuri, na hata leo naliona zuri. Dada alisubiri kelele ziishe.

"Sheikh," alisema, "wale waliuchukua uso wangu bila kuniuliza. Ninyi mmeniuliza, na nawashukuru sana. Jibu langu ni hapana."

"Lakini mama, ni kwa ajili ya heshima yako."

"Najua, Sheikh. Andamaneni, nitawaombea. Ila uso ni wangu."

Wapo waliokasirika. Wapo waliosema anaogopa kufukuzwa kazi. Maandamano yalifanyika bila picha, na yalipita barabara kuu kwa utulivu. Dada alikuwa ndani ya duka akimpima macho mtoto wa shule. Alisimama mlangoni mpaka mstari wa mwisho ukapita, akarudi ndani.

Mtoto wake wa kiume, wakati huo kijana wa miaka kumi na minane, hakuweza kusubiri kama mama yake. Alikwenda mchana kweupe na wenzake wawili wakachana mabango matatu. Polisi walimkamata kwenye la nne, akiwa juu ya ngazi. Mtu akarekodi kwa simu, na kabla ya wiki kwisha mgombea alikuwa anaionyesha video hiyo mikutanoni: "Si niliwaambia?" Dada alikwenda kituoni pamoja na shemeji. Kijana alitolewa na shati limechanika begani.

"Mama, nilikuwa nakutetea wewe," alisema.

"Najua, baba. Umekula?"

Hakumgombeza siku ile wala baadaye. Kijana anasema angegombezwa ingekuwa nafuu.

Mwezi uliofuata msikiti ukafungua milango, majirani wakakaribishwa waje kuuliza lolote. Tulipanga viti hamsini, tukapika chai ya kutosha harusi. Walikuja watu wachache, wengi wao wakiwa wale waliotupenda tangu zamani, na mmoja aliyeingia kutafuta choo. Lakini alikuja pia mwanamume wa makamo, dereva wa lori la mchanga, amevaa kofia ya chama cha yule mgombea. Hakuketi. Aliuliza, "Yule mama wa kwenye bango, yupo kweli au mmechora?"

Dada alikuwa anaosha vikombe. Alitoka akijifuta mikono.

Yule dereva akamtazama juu mpaka chini. "Nilidhani ni mrefu."

"Ukutani kila mtu ni mrefu."

"Mbona ulikuwa umekunja uso vile?"

"Jua lilikuwa machoni."

"Jua tu?"

"Jua tu, ndugu yangu. Chai utakunywa na sukari?"

Akanywa. Alipomaliza akasema, bila hasira, "Kura yangu sitaibadilisha." Dada akasema, "Sikukuuliza." Hakuomba radhi, na dada hakungoja radhi. Baadaye alikuja dukani kupima macho. Dada aliniambia yalikuwa mabovu vibaya sana, na jinsi alivyokuwa akiendesha lori Mungu ndiye anayejua. Aliendelea kuja karibu kila mwaka. Sina hakika walizungumza nini zaidi ya herufi.

Yule mgombea alishinda. Kesi ambayo msikiti ulisaidia kuifungua kuhusu matumizi ya picha ilichukua miaka miwili. Hukumu ilitolewa mwaka 2016: mabango yaondolewe. Yalikuwa yamekwisha kuondolewa na mvua. Wakili wetu alitupigia simu akisema tumeshinda, na dada akamshukuru kwa adabu, akarudi kwenye mashine yake.

Watu huuliza kama jambo lile lilimbadilisha. Kwa tabia, hapana. Aliendelea kutoka nyumbani saa ileile, kupita ukuta uleule, na kusalimia waliojibu na wasiojibu. Ila hakupigwa picha tena. Harusi ya binti yake mwaka 2021 alisimama muda wote nyuma ya mpiga picha, akiwarekebisha watu mitandio. Dukani, ambako kila ukuta una kioo, alijifunza kutembea bila kujitazama. Niliwahi kumwambia, "Dada, miaka imepita." Akasema, "Nikijiona, naona na maneno ya chini."

Hiyo ndiyo sababu karatasi mliyopewa haina picha. Si kwamba tulisahau, wala si kwamba mpiga chapa alikosea. Alimwambia binti yake hospitalini, "Msiniweke. Anayenijua ananijua." Binti alitaka kubisha, akaona macho ya mama yake, akamfunika shuka vizuri.

Ugonjwa ulianza Januari mwaka huu. Alidhani ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za duka mpaka alipoanza kupungua. Mwezi wa Aprili madaktari walitwambia ni saratani ya kongosho na kwamba imeshasambaa. Alifanya kazi mpaka mwisho wa Mei, akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja kwa kuwa hakuweza kusimama, na wateja wakawa wanasimama. Mwenye duka alikuja nyumbani kila Jumapili. Imamu alikuja pia, na mara moja nilimsikia akimwambia, "Mama, siku ile ukumbini mimi sikukuelewa." Dada alimwambia, "Ulinielewa, Sheikh. Hukupenda tu." Wakacheka wote wawili, kisha akamwomba amsomee.

Kijana wake, ambaye sasa ni fundi umeme, alilala sakafuni karibu na kitanda chake wiki za mwisho. Siku moja alimuuliza mbele yangu, "Mama, ungependa ningefanya nini siku ile?" Dada aliushusha mkono akamgusa kichwa. Akasema, "Ungekuja dukani ukakaa na mimi."

Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, baada ya adhuhuri, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Shemeji alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa nimetoka kununua maji. Niliporudi waliniambia, nikaiweka chupa juu ya meza, nikaipanga pembeni vizuri, isianguke. Sijalia bado. Naambiwa kilio kitakuja.

Ameacha mume wake, mtoto wa kiume, mtoto wa kike na mkwe, mjukuu mmoja wa miezi minane, wadogo zake wanne, na mama yetu mzazi, ambaye tumemweleza jana na leo asubuhi tukamweleza tena.

Ameacha pia watu wa mji huu ambao hatuwezi kuwaandika. Leo alfajiri waliamka, wakapapasa mezani kabla hawajafumbua macho vizuri, wakavaa alichowatengenezea, wakauona ukuta, mlango, na sura za watu wao. Baadhi yao walitupenda, na baadhi yao walipiga kura dhidi yetu. Yeye aliwapima wote kwa taa moja.

Dada Mkubwa, lala salama. Hakuna anayekutazama sasa ila Yule aliyekuumba.